Kamera Iliyokesha na Mharagwe

Ilikuwa kamera ya kanda ndogo, MiniDV, ya aina ambayo watu walinunua kwa ajili ya harusi na siku za kuzaliwa. Kanda moja ilibeba dakika sitini. Mimi nilitaka kuona mharagwe ukikua, na mharagwe hauna haraka hiyo.

Kwenye menyu kulikuwa na sehemu ya kurekodi kwa vipindi: kamera inalala, inaamka, inarekodi nusu sekunde, inalala tena. Ukiisoma unadhani kazi imekwisha. Lakini kwa mfumo wa fremu 25, yaani picha 25 za mgando, kwa sekunde, nusu sekunde ni fremu kumi na mbili hivi, zote karibu sawa, kwa hiyo mmea hauonekani ukikua bali ukisimama na kuruka. Kanda ndiyo kizuizi. Lazima kwanza izunguke kwa mwendo ulio sawa ndipo kichwa cha kurekodi kiandike picha juu yake, kwa hiyo fremu mojamoja haiwezekani.

Basi nikaitoa kanda kabisa, nikaunganisha kamera na kompyuta kwa waya wa FireWire, na programu ikawa inachukua fremu moja kila baada ya dakika mbili. Siku nzima ni fremu 720, na zikichezwa hazifikishi hata sekunde 29. Kutoa kanda kulikuwa na faida nyingine pia: ikiwa ndani, kamera ikisubiri dakika tano hivi bila kurekodi hujizima ili kuilinda. Bila kanda haikujizima, ila ilianza kujinadi. Ikawa inapitisha yenyewe mbwembwe zake zote za picha, kama iko kwenye kabati la duka! Nikaitafuta menyu hadi nikazima maonyesho hayo.

Kuanzia hapo kazi yote ikawa kuinyang'anya kamera uamuzi. Fokasi ya otomatiki ilihangaika kati ya jani na ukuta, nikaifunga kwa mkono. Mwangaza nao nikaufunga, maana kamera ikijirekebisha kila mara, video inapepesa hadi macho yanauma. Rangi ya nyeupe nikaipima kwa karatasi, ili kamera isiibadili rangi yenyewe. Nikaziba dirisha kwa blanketi, nikawasha taa moja mchana na usiku, umeme ukatoka ukutani badala ya betri. Wa nyumbani wakakatazwa kuigusa ile meza, jambo lililozua maneno kuliko lilivyostahili.

Nilipoiunganisha video nilitarajia kuona shina likipanda juu. Lilipanda kweli, lakini huku likizunguka. Ncha ilichora duara hewani, ikarudi, ikachora lingine, duara moja kwa muda wa saa mbili hivi. Charles Darwin aliufuatilia mwendo huohuo katika karne ya 19 bila kamera, akiweka alama moja baada ya nyingine kwenye kioo. Nilikuwa nimeupita mmea ule mara nyingi kwenda jikoni, na kila mara niliuona umetulia.

Majani ndiyo yaliyonishangaza zaidi. Taa haikuzimwa hata kidogo, lakini ilipofika usiku yalining'inia, na asubuhi yakainuka tena. Mwanga haukuwa umeyaambia kitu. Mharagwe una saa yake ndani, na wataalamu wa mimea wameichunguza kwa miaka mingi. Mimi niliiona kwenye video fupi yenye chengachenga, ambayo kwa macho ya fundi wa picha isingepita.

Mdogo wangu akaitazama, akaniambia niirudishe, kisha niirudishe tena.

"Dada, huo unatafuta kitu."

"Unatafuta mti wa kujizongea."

"Sasa mbona hujaupa?"

Akatoka, akarudi na fimbo, akaichomeka kwenye udongo mbele ya lenzi bila kuniuliza. Nikapunguza muda kati ya fremu hadi dakika moja, nikaanza upya.