Kadibodi chini ya injini ndiyo iliyonionyesha silinda iliyotoboka

Ukichomoa kijiti cha oili ukakuta oili imekuwa kama chai ya maziwa, usikubali mtu afungue hedi, kile kichwa cha injini kinachofunika silinda, kabla hajakuonyesha maji yanaingilia wapi. Mimi nilikubali. Ilinigharimu gasketi sita (pedi nyembamba zinazoziba kati ya hedi na injini), wiki mbili za gari kulala, na mzigo wa mteja ambao ilibidi nirudishe pesa yake.

Gari yangu ni Scania 113, injini ya lita 11, silinda sita za mstari mmoja. Napakia mbao Mafinga, nashusha Dar es Salaam, narudi na saruji au chochote kitakachopatikana. Shida ilianza kwa maji kupungua. Nikipanda mlima Kitonga na mzigo, nikifika juu naongeza lita mbili, tatu. Chini ya gari hakuna tone, mipira ya rejeta mizima. Asubuhi injini ikiwaka inatoa moshi mweupe, inatikisika kidogo, kisha inatulia. Siku niliyosimama Ipogolo, pale Iringa, kupima oili, ndiyo nikaiona hiyo chai.

Fundi wa kwanza hata hakuinama. "Bosi, hiyo gasketi. Gari zote zinazochanganya maji na oili ni gasketi." Kwenye injini hii kila silinda ina hedi yake peke yake, kwa hiyo gasketi ni sita, na alizibadilisha zote. Vifaa, ufundi na oili mpya, ilikwenda zaidi ya milioni moja. Siku ya tatu, nikiwa Mikumi, nachomoa kijiti: chai ileile. Nampigia simu, ananiambia basi bloku, yaani mwili wenyewe wa injini, itakuwa imepasuka, nitafute injini ya mtumba. Niliumia sana. Mtu amekula pesa yako kwa kubahatisha, halafu anakutajia bahati nasibu nyingine ya bei mara kumi.

Gari ilivutwa mpaka uwanja wa shemeji yangu Ipogolo. Hapo nikamwomba Mzee mmoja, fundi wa siku nyingi, tuifumue pamoja, mimi nikiwa nashika spana mwenyewe. Alikubali kwa sharti moja: "Mwanangu, tutafungua polepole, na kila kitu kitarudi kilipotoka."

Kabla ya kufungua nilimuuliza kuhusu kipoza oili, maana na hapo maji na oili hupitana karibu. Akaniambia fungua rejeta utazame. Maji yalikuwa masafi kabisa. Injini ikiwa inanguruma, oili ina nguvu kuliko maji, kwa hiyo kipoza oili kikitoboka, oili ndiyo hutangulia kuonekana ikielea kwenye maji. Yangu haikuwa na hata utando. Zikabaki laina, yale makopo ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Laina za injini hii ni za maji, yaani maji yanazunguka moja kwa moja nje ya laina, na kule chini zinazibwa na ringi za mpira. Ama mpira umechoka, ama laina yenyewe imetoboka. Lakini ipi kati ya sita?

Hapo ndipo nilipokumbuka pancha. Nikiwa mdogo nilikuwa naziba pancha za baiskeli, na tyubu huitafuti tundu kwa macho. Unaijaza upepo, unaizamisha kwenye maji, tundu linajitaja lenyewe. Nikasema hapa maji yako ndani, basi nitie upepo ndani ya maji, tundu litajitaja kwa tone.

Tukamwaga oili, tukashusha sampo (bakuli la oili chini ya injini), maji tukayaacha humohumo. Nilichukua kifuniko cha zamani cha tangi la maji, nikakitoboa katikati, nikafunga valvu ya tairi la tubeless kwa nati na mpira juu na chini. Ile springi ya kutolea presha nikaiziba kabisa, na mpira mdogo wa kumwagia maji nikaubana kwa koleo. Nikachukua pampu ya baiskeli na geji ya kupimia upepo. Nilijaza mpaka psi 15, sikuzidisha, maana ukitia upepo wa kompresa unaweza kupasua rejeta na ukajiongezea msiba.

Mara ya kwanza nililala chini ya gari dakika ishirini na tochi. Hakuna kitu. Kijana aliyekuwa akimsaidia Mzee akasema labda yule fundi alikuwa sahihi, ni bloku. Mzee akanyamaza tu, akaenda kula.

Nikawaza tena: maji yalikuwa yanapungua lita chache kwa safari nzima. Tundu la namna hiyo utalionaje kwa dakika ishirini? Nikaenda dukani nikaomba boksi kubwa la jokofu, nikalikata, nikatandaza kadibodi moja ndefu chini ya injini nzima. Nikachora mistari na kuandika namba 1 mpaka 6, kila namba chini ya silinda yake. Injini tulikuwa tumeipangusa kwa chini, pamoja na mikono ya kranki, kwa dizeli na matambara mpaka ikakauka, ili lolote litakalodondoka liwe ni la usiku huo. Nikatia upepo saa mbili usiku, nikalala kwenye kebini. Kila nikishtuka nashuka kupima geji, ikishuka naongeza.

Alfajiri nilivuta kadibodi. Namba 1 mpaka 4 kavu, zina madoa machache ya oili tu. Namba 6 kavu. Chini ya 5 kadibodi ilikuwa imevimba na kulainika, duara la upana wa kiganja. Niliita kwa sauti mpaka shemeji akatoka nje na kanga akidhani nimeangukiwa.

Mzee alipokuja hakusema hongera. Alisema zungusha flaiwili. Tukapandisha pistoni ya 5 juu kabisa (ya 2 hupanda nayo pamoja), nikaingiza kichwa chini na tochi, nikatazama ndani ya laina kwa kutokea chini. Na kule, katikati ya ukuta wa laina, mbali kabisa na ringi za mpira, kulikuwa na kitone kimoja kinang'aa. Nikakifuta kwa kidole. Nikahesabu. Kikarudi, kidogo kama jasho puani, kikakua, kikateleza. Hiyo si gasketi na wala si bloku.

Kufumua kwenyewe sitakueleza sana, fundi yeyote anajua. Ila haya uyashike. Kwangua kaboni juu ya laina kabla ya kusukuma pistoni, la sivyo ringi za pistoni zitakwama na utazivunja. Pushirodi, zile fito zinazosukuma valvu, nilizichomeka kwenye kadibodi yenye matundu kumi na mawili yenye namba. Bering na vifuniko vyake usivichanganye hata kwa dakika moja, kwa sababu vinasimulia historia ya injini. Zangu za konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) zilikuwa zimekwanguka mpaka shaba inaonekana, kazi ya oili iliyojaa maji. Kranki Mzee aliipima kwa maikromita, kila shingo inayokaa bering mara mbili kwa pande mbili, ikawa bado iko kwenye kipimo chake cha asili, ikang'arishwa tu. Konrodi ya 5 tuliipeleka mashine shopu ikapimwe, maana silinda iliyolala na maji ukipiga stata inaweza kuipinda. Ule mtikisiko wa asubuhi ulikuwa unanitisha sasa nilipoelewa maana yake. Haikuwa imepinda, namshukuru Mungu.

Laina ya 5 tulipoivuta, nilikaa nayo mapajani muda mrefu. Kwa nje, pande mbili tu, kushoto na kulia kwa injini, ilikuwa imeliwa matundu matundu kama andazi lililong'atwa na panya. Mbele na nyuma laini kabisa. Mzee akanieleza: mlipuko ukisukuma pistoni, pistoni inaupiga ukuta wa laina kwa ubavu, laina inalia kama kengele, na maji yaliyoigusa yanafanya viputo. Viputo vikipasuka vinachimba chuma, kidogo kidogo, kwa miaka. Kulanti, yaani dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta, huweka ngozi nyembamba juu ya laina inayokinga chuma. Maji matupu hayana hiyo ngozi. Na mimi miaka yote nilijaza maji ya bomba na ya mtoni, kwa sababu nilifundishwa barabarani kwamba kulanti ni ya nchi zenye barafu. Laina ya 2 na ya 3 zilikuwa zimeanza kuliwa vilevile, bado hazijatoboka.

Nilibadilisha zote sita, na pistoni zake, na bering zote. Vifaa vilitoka Gerezani, Dar, kwa basi. Sikumbuki kila risiti, ila ilizidi milioni tano. Mzee alipima kila laina inavyochomoza juu ya bloku kabla ya kuweka hedi. Moja ilikuwa juu kuliko wenzake. Akaitoa, akakuta uchafu wa ukubwa wa punje ya mchele umebaki kwenye kikalio, akausafisha, akarudisha.

Nimeshapanda Kitonga mara nyingi tangu hapo, na tangi la maji silifungui kuongeza. Ndani mna kulanti, na ile kadibodi yenye doa kwenye namba 5 iko nyuma ya kiti cha kebini. Dereva akinisimamisha kuniambia gari yake imechanganya maji na oili na fundi amesema gasketi, naitoa namwonyesha, halafu nampa na kile kifuniko chenye valvu akitumie. Akimaliza anirudishie.