Maji ya Barafu na ka-"a" kadogo

Jamani mimi Kiingereza nimesoma miaka yote minne ya sekondari hapa hapa Moshi lakini kitu kilichoniingiza "little" na "a little" kichwani sio ticha, ni maji.

Ilikuwa kambi ya Barafu kule Mlima Kilimanjaro ninakopandisha wageni, wanaopanda kwa njia ya Machame wanapajua, pale hamna maji kabisa, ya mwisho mnachota kambi ya Karanga huko chini na wagumu, yaani wabeba mizigo, wanayapandisha. Sasa jioni ile kabla ya kwenda samiti, yaani kileleni, mama mmoja mgeni ananiuliza maji ya kunywa yapo, mi nikajibu kifua mbele, "we have little water". Kichwani kwangu nimesema yapo yapo kidogo, usiwaze. Yule mama akanywea, akasukuma kikombe cha chai pembeni hata hajaonja, kumbe anatubania bajeti! Chifu gaidi, yaani "chief guide", mkuu wa waongoza wageni, akanivuta nje ya tenti, we dogo, umemwambia maji yametuishia, ungesema "a little water".

Ka-"a" tu. Bila hako unalalamika, ukikaweka unampa mtu moyo. Na "few" ni vile vile ila hiyo ni ya vinavyohesabika, ukisema "few tourists" biashara imekufa, ukisema "a few tourists" angalau hela ya kula ipo.

Ishu ya kuhesabika ndo inatuua zaidi maana sisi tunafuata ngeli, mchele mwingi, maji mengi, habari nyingi, hakuna anayekuuliza kama vinahesabika. Kwa hiyo mtu anatafsiri maji mengi anapata "many water", na mimi pale geti la kuanzia kupanda, kwenye mizani ya mizigo, nimeshawauliza sana wageni "how many luggages" na walikuwa wananijibu vizuri tu, hakuna aliyenicheka, kumbe ni "how much luggage" au uhesabu mabegi, "how many bags". "Information", "advice" na "furniture" nazo hazitaki "s" wala "many". Ukikwama tupia "a lot of", yenyewe inakubali kote kote, mi ndo naishi nayo, tena kwenye sentensi ya kawaida inasikika vizuri kuliko "much".

Mpishi wetu juzi kaniuliza, nywele nazo? Nikamwambia zikiwa kichwani hazihesabiki, ni "hair" tu hata ziwe nyingi vipi, ila mgeni akiikuta moja kwenye supu yako hiyo ni "a hair", na akikuta mbili atazihesabu.