Dada Yuko Juu ya Kabati

Dada yangu ana mwaka mmoja na miezi minne juu ya kabati la nguo, ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, nimelifunga kwa mtandio wake. Kila asubuhi nikichukua koti namwamkia. Siku moja mke wangu alinisikia akauliza nazungumza na nani. Nilipomwambia alinyamaza, lakini tangu siku hiyo naye humwamkia.

Kuchomwa alitaka mwenyewe. Ndiye aliyekuwa akishika daftari la michango kila mwenzetu alipofia huku ughaibuni, na alijua jinsi kusafirisha maiti kunavyoziacha familia na madeni. Akasema mbele yetu sote, “Mimi mnichome. Msihangaike na ndege.” Tukamtii. Alichosahau kutuambia, nasi tukasahau kumwuliza, ni kile kinachobaki baada ya moto kipelekwe wapi.

Basi hapo ndipo tuliponasa. Maiti ina haraka zake: mtagombana, mtanuniana, lakini siku ya kuzika ikifika mtakuwa mmeshaamua. Majivu hayaozi wala hayamdai mtu. Unasema wiki ijayo, halafu tukutane Desemba, halafu mwaka umekatika.

Kaka yetu mkubwa alitaka amwagwe baharini, kwa kuwa dada alipenda bahari. Mpwa wangu, binti wa marehemu, aliomba kidogo tu cha kutia kwenye kidani: “Mjomba, nigawie hata kijiko.” Mimi nilitaka kupanda mti. Nimejifunza baadaye kwamba ningeuua. Majivu ya mtu yana chumvi nyingi na ukali kama wa chokaa, na ukiyarundika kwenye mizizi ya mche unaungua. Labda uyachanganye na udongo mwingi sana. Bahari nayo ina masharti. Marekani, kwa mfano, hutaka uende angalau maili 3 za baharini kutoka ufukweni, kisha utoe taarifa ndani ya siku 30. Na upepo usiusahau: aliyewahi kufanya hivyo alinisihi nisimame upepo ukiwa mgongoni, la sivyo nitamrudisha marehemu kwenye koti langu.

Shangazi hakutaka kusikia lolote. Kwanza alisema watu wetu hawachomwi. Nikamkumbusha Wangari Maathai, 2011: hakutaka miti ikatwe kwa ajili ya jeneza lake, akalazwa katika jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji, kisha akachomwa. “Huyo alikuwa profesa,” akajibu, mjadala ukafungwa. Ila katika jambo moja shangazi alikuwa na hoja. Yeye ni Mkatoliki wa kweli, na Kanisa lake liliruhusu kuchoma maiti tangu 1963, lakini mwaka 2016 Vatikani ikaandika waziwazi kwamba majivu yasimwagwe, yasigawanywe, wala yasiwekwe nyumbani kama kawaida; yahifadhiwe mahali patakatifu. Desemba 2023 wakalegeza kidogo: sehemu ndogo yaweza kuruhusiwa kuhifadhiwa mahali palipokuwa na maana kwa marehemu. Kidani hakikutajwa. Juu ya kabati pia hapakutajwa.

Lakini aliyekuwa mgumu kuliko wote ni mama, na ugumu wake ulikuwa kwenye neno. “Majivu humwagwa jalalani,” aliniambia kwenye simu. “Mimi mwanangu simwagi.” Kila nikipiga aliuliza hali ya hewa, aliuliza wajukuu, halafu, “Na yule umeshampeleka wapi?”

Sikuwa na jibu mpaka siku niliyolifungua kopo. Nilitegemea jivu kama la kuni, lile jepesi unalopuliza likapotea. Kumbe ni chembechembe nyeupe zinazoelekea kijivu, kavu, kama mchanga wa kokoto, na zina uzito: karibu kilo mbili na nusu. Nikampigia simu yule bwana aliyetukabidhi, akanieleza taratibu bila kunificha. Tanuri huwaka nyuzi 800 hadi 1,000 za Selsiasi, saa mbili au zaidi. Nyama yote huisha kwa moto. Kinachobaki ni mifupa. Ikipoa, vyuma huokotwa kwa sumaku, kisha mifupa husagwa kwenye mashine. Dada alikuwa na skrubu gotini. Sikuuliza zilikokwenda.

Nikampigia mama usiku uleule. “Mama, si majivu. Ni mifupa yake, imesagwa tu.”

Alikaa kimya hadi nikadhani simu imekatika.

“Mbona hukuniambia siku zote hizo?” akasema. “Mifupa inazikwa. Mlete alale karibu na baba yake.”

Kaka amekubali, kwa kununa. Nilichompa mpwa wangu kabla ya kufunga kopo kwa gundi ni siri yetu sisi wawili, na shangazi haingii intaneti.

Sasa nimo kwenye makaratasi. Nimebeba cheti cha kifo, cheti cha kuchomwa, na barua ya ubalozi, na shirika la ndege nimeliarifu mapema. Kwa atakayenifuata katika njia hii, jihadhari na chombo. Nilikuwa nimeshanunua mtungi mzuri wa shaba. Mashine ya ukaguzi uwanjani haioni ndani ya chuma kizito, na chombo kisichoonekana ndani kinaweza kuzuiwa, hata ukiwa na vyeti vyote mkononi. Plastiki au mbao huonekana. Mtungi wa shaba sasa umewekewa miavuli karibu na mlango.

Jana mama alipiga yeye mwenyewe, jambo ambalo halifanyi, maana anaamini simu za nje hula pesa.

“Nasikia mizigo huwekwa chini, kwenye tumbo la ndege, na kuna baridi.”

“Ndiyo, mama.”

“Na yeye utamweka huko?”

“Hapana, mama. Nakwenda naye juu. Nitampakata.”

“Haya,” akasema. “Mpakate.”