Nilivyoisaka nyumba ya Hill kwa kipande cha guka

Guka, yaani babu yangu, alikuwa mpishi wa Mzungu wa reli kule Upper Hill, Nairobi. Nyumba yenyewe ilibomolewa zamani, na mahali pake pana jengo la ofisi la vioo vitupu. Kila tukipita, guka alinyoosha bakora: "Jiko langu lilikuwa pale." Alipofariki hatukuwa na picha hata moja ya nyumba ile. Tulichobaki nacho ni kipande chake.

Kwa wasiojua, kuanzia miaka ya 1920 kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alilazimishwa kutembea na kipande, kitambulisho chenye rekodi ya kazi zake, kikining'inia shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Wakikuyu walikiita mbugi, kengele ya mbuzi. Kikopo cha guka kilikuwa kimeshika kutu, nikakifungua kwa mpini wa kijiko. Karatasi ilikuwa imetoboka kwenye mikunjo, ila safu ya waajiri ilisomeka: jina, tarehe ya kuandikwa kazi, mshahara, sahihi. Karatasi iliyotungwa ili asitoroke kazini ndiyo iliyonifungulia njia.

Nilianza vibaya. Miezi miwili nilizungushwa dirisha hadi dirisha katika ofisi moja kwa sababu sikuwa na namba ya kiwanja. (Na nani angekuwa nayo? Guka hakumiliki hata sufuria za mle ndani.) Nikaacha nyumba, nikamtafuta yule Mzungu kwa jina lililokuwa kwenye kipande. Gazeti Rasmi la serikali ya kikoloni lilichapisha orodha za wapigakura wa Kizungu pamoja na kazi na anwani zao, na mengi ya magazeti hayo yako kwenye intaneti. Siku ya tatu nikampata bwana wetu.

Anwani ikanipeleka Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Mzee mmoja aliyekuwa akisoma meza ya pili alichungulia daftari langu akacheka. "Dada, kwa majina ya barabara utatafuta mpaka kesho. Hapa tulipokaa palikuwa Government Road. Fuata ramani."

Nikaenda Idara ya Upimaji, Ruaraka, nikarudi na nakala ya ramani ya zamani. Usiku niliibandika kwa selotepu kwenye dirisha la jikoni, taa ikiwaka upande wa pili, juu yake karatasi nyembamba niliyochorea ramani ya sasa. Barabara hazikukubali kulingana. Nilipofuata njia ya reli, zikatulia.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, wakubwa wake walijengewa juu kilimani, mbali na tope la udongo mweusi wa bondeni. Nyumba niliiona: mstatili, veranda ikitazama stesheni. Nyuma yake kuna kisanduku kidogo kama punje ya mchele, hakina hata herufi moja. Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kote.

Jumamosi nikaenda kuhesabu hatua kutoka kona ya barabara. Zilinifikisha kwenye maegesho ya magari. Soja wa jengo akaja mbio.

"Mama, umepoteza nini?"

"Jiko la guka wangu."

Akatazama lami, akanitazama. "Hapo huegesha mdosi," akasema. Kisha akasogea kando nipige picha.