Chai ilipoa mezani

Leo saa nne chai ilipoa na hakuna aliyejali. Mwalimu mwenzangu wa Baiolojia aliingia ofisini na daftari la mtoto wa kidato cha kwanza, akaliweka mbele yetu. Mwandiko safi, mchoro wa jani umetiwa rangi, mistari ya majina imepigwa kwa rula, kila neno la Kiingereza limenakiliwa kutoka ubaoni bila kosa. "Nimemuuliza maana yake," akasema, "amenyamaza."

Nikamwita yule mtoto. Nikamwambia, mwanangu, nieleze kwa Kiswahili tu, mmea unapataje chakula? Akainamisha kichwa kidogo, kisha akaanza: jua, maji ya mizizini, hewa, chakula kinatengenezwa kwenye majani. Akaongeza kwamba mahindi ya bibi yake yaliyo chini ya mwembe hayanenepi kwa sababu ya kivuli. Hilo la mwembe hatukumfundisha sisi.

Hapo mjadala ukawaka. Miaka 7 ya msingi anasoma kwa Kiswahili, halafu Januari moja tunambadilishia lugha ya karibu masomo yote. Makamu mkuu akasema mtihani wa taifa utakuja kwa Kiingereza, tukimzoesha Kiswahili tutamponza. Ana hoja, siibezi. Lakini naamini kwa moyo wote kwamba yule mtoto ameshaelewa somo. Kilichobaki ni kumfundisha Kiingereza chake.

Kesho, kipindi cha kwanza, wanafunzi wangu watajadiliana kwa Kiswahili dakika 10 kabla sijashika chaki. Walimu wenzangu, nyie mnafanyaje?