Mawese yangu yalikataliwa mara mbili, nilivyokuja kujua sababu

Mimi nakamua mawese Simbo, Kigoma. Nimeanza kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, sa hivi nina ya injini. Kuna mwaka nilipeleka madumu 40 kwa wakala wa kiwanda cha mafuta ya kula, wakapima wakasema asidi iko asilimia 9 na wao mwisho wao 5, rudi nayo. Nikauza sokoni kwa bei ya kutupa. Msimu uliofuata yakarudi tena. Nikamuuliza kijana aliyekuwa anapima, mwanangu hii asidi inaingilia wapi? Akaniambia mama, sisi tunapima tu.

Hilo jibu liliniuma kuliko hela, maana ina maana kuna mtu mahali anajua ila mimi nauziana naye kwa dumu tu, dumu likikataliwa mazungumzo yameisha.

Bas nikaanza kutafuta mnunuzi wa aina nyingine. Nikampata mmoja ambaye wenye kampuni wana mashamba Malaysia, bei yake ilikuwa chini ya wengine na watu wakanishangaa, ila nilimwekea sharti: nakuuzia wewe peke yako msimu mzima, na wewe uniletee fundi akae kwangu hata siku tatu. Akakubali. Fundi mwenyewe Mtanzania, alishapelekwa kule kujifunza.

Alipofika hata chai hakumaliza, akaenda moja kwa moja kwenye lundo la mikungu niliyoifunika majani, akauliza mama hii ina siku ngapi? Nikamwambia tano, tunaiacha ilainike chikichi zidondoke zenyewe, ndivyo tulivyokuta wazazi wanafanya. Akachukua chikichi moja iliyopondeka akaibinya, akasema asidi yako inatengenezwa hapa, kabla hata ya mashine. Kumbe tunda likishachubuka kuna kimeng'enya ndani yake kinaanza kuyavunja mafuta yawe asidi, na kinachokizuia ni moto. Kwaiyo sasa mkungu ukikatwa leo tunaupasua kwa shoka leo leo, vipande vinaingia kwenye pipa lenye wavu chini na maji kidogo, mvuke unapiga kama lisaa limoja na nusu, chikichi zinachomoka zenyewe zikiwa za moto na zinakamulika vizuri mno.

Akanifundisha na kupima. Mafuta kidogo kwenye spiriti, matone ya dawa ya rangi, halafu unadondosha maji ya kostiki soda tone kwa tone huku unatikisa mpaka ibaki pinki, na kiasi cha kostiki ulichotumia ndicho kinachokuonyesha asidi. Mawese ni mekundu yanakudanganya, kwaiyo unaangalia ile spiriti inayoelea juu. Mara ya kwanza nilipitiliza, mara ya tatu nikapata asidi asilimia 3.8. Nilimwita mume wangu aje aone.

Jioni nikamuuliza huyu fundi, hawa Wamalaysia walijulia wapi wakati mchikichi ni mti wa Afrika? Akanisimulia vitu ambavyo mpaka leo navifikiria. Miche minne tu ilipandwa Bogor kule Java mwaka 1848, ndiyo iliyozaa mashamba mengi ya huko. Siri ya tenera, mchikichi wenye tunda la nyama nene na ganda jembamba la kokwa, ilielezwa na watafiti wa Yangambi mwaka 1941, Kongo hapo, ng'ambo ya ziwa letu! Na Malaysia walikuwa wanachavusha maua kwa mikono, vibarua kwa vibarua, mpaka Leslie Davidson wa Unilever, aliyewahi kufanya kazi Kamerun, akasema kule hakuna anayechavusha na mikungu inajaa. Wakamtuma Kamerun mtaalamu wa wadudu, Rahman Syed, akakuta kazi inafanywa na fukusi mdogo. Mwaka 1981 wakamwachia kwenye mashamba ya Malaysia, kazi ya mikono ikaisha.

Yaani kampuni moja ilikuwa na mguu Kamerun na mguu Malaysia, ndo maana mtu mmoja aliweza kulinganisha. Sisi Kigoma tuna michikichi miaka yote hiyo ila tulikuwa tunauziana na mtu wa mzani, na mtu wa mzani hana cha kukuambia zaidi ya namba.

Mzigo wa msimu ule ulipokelewa wote. Mwaka uliofuata nikadai bei ipande, wakapandisha kidogo, na fundi nikamdai tena. Majirani wawili sasa wananiletea mafuta kwenye kikombe niwapimie kabla hawajajaza madumu, napima bure, na kabla sijagusa spiriti nawauliza kwanza: mkungu ulikatwa lini?