Kutoka Goma hadi Funu, kusoma mteremko

Nilipanda boti asubuhi bandarini Goma, mashariki mwa Kongo, kuvuka Ziwa Kivu hadi mji wa Bukavu, mkobani nina misumari, kamba ya fundi na daftari. Tulipofika mkabala na milima ya Kalehe, maongezi yalikatika. Hakuna abiria asiyejua: tarehe 4 Mei 2023 mvua iliporomosha udongo na mawe juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, wakafa watu zaidi ya 400. Mama aliyeketi karibu nami alijifunika kitenge usoni mpaka tukapita.

Mwalimu wangu wa jiolojia alitufundisha mteremko kwa mfano wa theluji, kitu ambacho wengi wetu hatujawahi kukikanyaga. Milimani Alps, huko Ulaya, alisema, wapimaji huchimba shimo na kukagua theluji tabaka kwa tabaka. Tabaka legevu likifunikwa na lililo zito, mteremko wa nyuzi 30 hadi 45 huweza kukatika mara moja, hata kwa uzito wa mtu mmoja tu. Funu, mteremko ulio katika komine (sehemu ya mji) ya Kadutu mjini Bukavu, haikatiki hivyo. Inateleza polepole, mwaka baada ya mwaka, na watu wamejenga juu yake. Ila naikagua kwa swali lilelile: chini kuna nini, na juu umeongezeka mzigo gani?

Nilipanda vichochoro vya Funu kwa miguu. Nguzo za umeme zimeinama. Ngazi za saruji zimepasuka katikati. Maji ya kufulia yanamwagwa nyuma ya nyumba na kuzama papo hapo, na hilo ndilo linalonitisha kuliko yote, kwa sababu maji yakijaa ardhini udongo hupoteza mshiko.

"Jambo, Mama."

"Jambo sana, mwanangu. Njoo uone mlango wangu."

Mlango haufungi tangu masika. Ukutani ameweka alama za makaa pembeni mwa ufa, kila moja na mwezi wake. Hakufundishwa na mtu. Nilipigilia misumari miwili, mmoja kila upande wa ufa, tukavuta kamba na kupima: sentimita 14. Akaniomba nimwachie kipande cha kamba.

Usiku mvua ilinyesha. Alfajiri tulipima tena pamoja, taa mkononi mwake: 14 na nusu. Akachukua kaa, akaandika.